Madawati 96

Funguo zilikuwa saba, zimefungwa pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwalimu mkuu mwenzangu aliyekuwa anahama alizitoa mfukoni akanionyesha mmoja mmoja: hii ya ofisi, hii ya stoo, hii ya darasa la saba, hizi mbili za nyumba ya mwalimu, hii kufuli lake lilishaibiwa, na hii hata mimi niliikuta tu, sijui ni ya wapi. Nje Fuso ilikuwa imeshapakia godoro na makochi yake, dereva anapiga honi. Ilikuwa Machi 2016. Nikasaini hati ya makabidhiano, nakala tatu, nikiwa nimeiweka juu ya goti kwa sababu meza ilijaa mafaili. Shughuli nzima haikufika nusu saa, na ndani ya hiyo nusu saa tulikunywa na soda.

Kwenye hati ile, katikati ya ukurasa wa pili, paliandikwa: Madawati 96.

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii kwa miaka kumi na mmoja, na mwaka wa mwisho nikawa mwalimu wa taaluma. Barua ya uteuzi aliniletea mratibu wa elimu wa kata kwa pikipiki, akanikuta darasa la tano, ubaoni nimechora jedwali la ngeli. Ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilinipongeza, ya pili ilinipa siku saba za kuripoti. Wenzangu ofisini wakapiga makofi, mmoja akasema "Mkuu!" nami nikageuka nyuma kumtazama mwalimu mkuu wetu. Kumbe nilikuwa naitwa mimi.

Nilipongezwa na watu wengi wiki ile. Hakuna hata mmoja aliyeniambia Jumatatu asubuhi nianze na nini.

Na mwaka wenyewe haukuwa wa kujifunzia polepole. Elimu bila malipo ilikuwa imeanza Januari. Wazazi waliokuwa wamewaficha watoto kwa ajili ya ada na michango waliwaleta wote siku moja. Darasa la kwanza, ambalo shuleni pale lilizoea watoto sitini hivi, liliandikisha 118. Ruzuku ya uendeshaji nayo ikaanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Hesabu yake ilikuwa shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, katika hizo 6,000 zilifika shuleni na 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Nilikuwa na wanafunzi 412. Piga hesabu: 2,472,000 kwa mwaka, yaani 206,000 kwa mwezi, tena ukishazigawa kwa asilimia zilizopangwa, fungu la utawala linabaki 20,600. Nauli yangu ya kwenda halmashauri na kurudi ilikuwa 16,000. Nani aliniambia kwamba mwalimu wa ngeli sasa ndiye mhasibu, anaandika hati za malipo, anatunza kitabu cha fedha na kudai risiti kwa muuza chaki ambaye hajawahi kutoa risiti maishani mwake? Niligundua mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha mtu mwingine.

Hata hizo fedha kuzifikia ilikuwa kazi. Benki hawakutambui mpaka wabadilishe watia saini, na ili wabadilishe wanataka barua ya mkurugenzi, muhtasari wa kikao cha kamati ya shule, picha za pasipoti na vitambulisho. Kamati haikuwa imekaa tangu mwaka uliopita. Mwenyekiti wake alikuwa shamba, safari ya siku nzima. Ilichukua wiki tano. Katika wiki hizo chaki, karatasi za mtihani wa majaribio na dawa ya choo nilinunua kwa mshahara wangu, na sikuandika popote, kwa hiyo hazikurudi. Posho ya madaraka, ile 200,000 kwa mwezi, ilikuja kuanza Julai. Siwezi kusema nilikuwa naidai, lakini Aprili na Mei ningeipokea kwa mikono miwili.

Sasa, madawati.

Mtakumbuka mwaka ule nchi nzima ilikuwa inatengeneza madawati. Rais Magufuli alikuwa ametoa muda, mwisho Juni 30, kila mtoto awe amekaa. Siku moja nipo ndani ya Noah, nakwenda kufuatilia ile habari ya benki, ujumbe ukaingia: wakuu wote leteni idadi ya madawati yaliyopo na upungufu kabla ya saa 8 mchana, haraka. Nikafungua mkoba, nikatoa hati ya makabidhiano. Wanafunzi 412, watatu kwa dawati, wanatakiwa 138. Yaliyopo 96. Upungufu 42. Nikatuma. Ilikuwa saa 5 na dakika arobaini, na nakiri nilijisikia fahari kuwa wa kwanza.

Juni lori likaja na madawati 42, mapya, yananuka rangi. Tukayapanga. Darasa la pili likabaki chini.

Nikasema hapana, kuna darasa limejaza kupita kiasi. Nikachukua daftari, nikapita chumba hadi chumba nikihesabu kwa kugusa. Toa mapya 42, ya zamani yalikuwa 71. Nikahesabu tena. 71. Basi nikafungua stoo, nikasogeza magunia matupu na jenereta bovu, na kule nyuma, yamelaliana kama mifupa, nikakuta mafremu ya chuma 25. Mpishi wetu wa zamani aliponiona nimesimama pale akacheka kwa aibu. Mbao zake, akasema, zilikuwa zimechemsha uji.

71 na 25 ni 96. Mwenzangu hakunidanganya. Alihesabu vyuma.

Watoto 73 hawakuwa na pa kukaa, na kwenye jedwali la wilaya shule yangu ilikuwa imeshamaliza upungufu. Nilipopiga simu kueleza, nikaambiwa niandike barua ya kujieleza. Miezi mitatu kazini, tayari najieleza.

Hapo ndipo yule mzee anapoingia. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya ng'ambo ya mto, kata nyingine, amebakiza miaka miwili astaafu. Tulikutana mara moja tu kwenye kikao akaniandikia namba yake nyuma ya ajenda. Nilimpigia saa 3 usiku, mume wangu amelala.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza. Hayo madawati hayatatoroka usiku huu."

Nikala. Nikapiga tena. Akanisikiliza hadi mwisho bila kuguna, halafu akaniuliza nimeandika nini kwenye barua. Nikamsomea. Kurasa mbili: Fuso, honi, safari ya benki, ujumbe wa haraka. Akasema, "Mwanangu, toa sababu zote. Weka hesabu. Kesho mwite mwenyekiti wa kamati na mtendaji wa kijiji, mhesabu pamoja, wote watatu msaini, ukaipeleke kwa mkono wako. Sababu zinakufanya mshitakiwa. Hesabu yenye saini tatu inakufanya mwalimu mkuu."

Nikafanya hivyo. Sikuongezewa dawati hata moja, tusidanganyane. Zamu ilikuwa imepita. Lakini barua ile haikuzaa barua nyingine. Tukakaa na kamati, tukakubaliana fungu la ukarabati litengeneze yale mafremu. Fungu lenyewe, fedha ikija kamili, ni 61,800 kwa mwezi. Fundi alitaka 18,000 kwa kila dawati, mbao na kazi. Ukigawa utaona kwa nini dawati la mwisho lilirudi darasani Februari 2017. Mtoto wa darasa la pili wa mwaka ule alisoma mwaka mzima magoti yakiwa ndiyo meza, kwa sababu mimi sikutoka nje nikahesabu.

Mzee nilimpigia sana baada ya hapo. Mwalimu mkuu msaidizi wangu, kwa mfano, alikuwa amewahi kukaimu kwa miezi mitano kabla sijafika na kijiji kizima kilijua kiti ni chake. Hakunitukana wala hakunigomea. Alikuwa tu anajibu "sawa, mkuu", halafu jambo halifanyiki. Kila mtu ofisini anajua unapuuzwa, na hakuna kosa la kuandika. Mimi nilitaka kumwita ofisini tuzungumze. Mzee akasema ukimwita ofisini umemwita kwenye kiti alichokikosa. Mfuate wewe darasani kwake, muulize jambo ambalo kweli hulijui. Nikamfuata, nikamuuliza kwa nini watoto wa kitongoji fulani hawaji siku za Alhamisi. Ni mnada. Akanieleza nusu saa nzima, na kesho yake akaja mwenyewe na wazo la kusogeza mazoezi ya hesabu yawe Ijumaa. Hatukuwa marafiki, hadi leo si marafiki. Ila kazi ikaanza kwenda.

Jambo jingine lilikuwa zito zaidi, na sijui nilivyolipita. Siku moja mama mmoja aliingia ofisini na binti yake wa darasa la sita, kiganja kimevimba. Alichapwa na mwalimu wa kiume, kijana, mwema tu, kwa kuchelewa. Mama hakupiga kelele. Aliuliza swali moja: nani alimruhusu? Nikafungua mdomo, nikafunga. Nilikuwa mwalimu mwaka wa kumi na mbili na sikuwa nimewahi kusoma kanuni ile hata mara moja. Wengi hatujaisoma. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko ni ya mwalimu mkuu, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, visizidi vinne, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike isipokuwa shule haina, na kila tukio liandikwe kwenye kitabu, mkuu asaini. Shuleni kwetu kila mwalimu alitembea na fimbo yake kama anavyotembea na kalamu, na kitabu chenyewe hakikuwepo. Maana yake viboko vyote vilivyopigwa pale tangu nifike vilikuwa vyangu, nami sikuvijua.

Usiku mzee alinisomea kanuni ile kwenye simu, polepole, nami naandika. Asubuhi nikakusanya fimbo zote nikazifungia stoo, kwenye kona yale mafremu yalipokuwa. Nikawaambia walimu sijampa mtu idhini na sitampa. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ngumu; zamu ya asubuhi ilikuwa vurugu, na yule msaidizi wangu alikuwa anatabasamu. Mama nilimfuata nyumbani kwake kuomba radhi, na yule kijana nikaenda naye. Nina hakika mtu angeniwekea kurasa mbili za kanuni zile mezani siku ya kwanza, kiganja kile kisingevimba.

Mafunzo? Yalikuja. Yalikuja mwaka wa tatu, siku tano, wawezeshaji kutoka ADEM, wakala wa mafunzo ya uongozi wa elimu ulioko Bagamoyo. Wengi tunaiita Bagamoyo tu, ingawa siku hizi ina kampasi Mwanza na Mbeya pia. Wazee bado wanaiita MANTEP, jina lake la kabla haijawa wakala mwaka 2001. Nisiwasingizie, mafunzo yalikuwa mazuri. Mwezeshaji wetu alijua kazi, na ile siku ya kupanga mpango wa maendeleo wa shule nilitamani niilipie tena. Ila nilikaa pale nikiona kila mada ina kovu lake kwangu. Siku ya makabidhiano na utunzaji wa mali tuliulizwa nani aliwahi kupata shida. Ukumbi wa watu sitini, mikono ikainuka kama darasa la kwanza wakiulizwa nani ana njaa. Tukacheka. Kisha kukawa kimya kidogo.

Kilichonisaidia zaidi kule ni saa za jioni. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nje ya mabweni tukinywa chai, na mtu anasema "mimi mwenzenu nina mwalimu mlevi", mwingine anasema "wako analewa jioni, wangu asubuhi". Hapo ndipo wakuu tunafundishana. Hakuna aliyeandika kumbukumbu, na hakuna bosi aliyekuwepo.

Jambo hili la bosi nimelielewa vizuri tangu nilipokuwa afisa elimu kata. Nina shule sita. Wakuu wangu watatu ni wapya. Mwanzoni niliwaambia kwa moyo mweupe kabisa: nipigieni saa yoyote, mimi ni dada yenu. Miezi minne simu haikulia. Walinipigia kuniuliza fomu inajazwaje, basi. Nikaona ni wakuu hodari. Kumbe mmoja alikuwa na fedha ya uji isiyoonekana, mwingine hakuongea na kamati yake tangu Februari. Nikakasirika, halafu nikajiuliza: mimi mwaka 2016 nilimpigia nani? Sikumpigia mratibu wangu wa kata. Sikumpigia afisa elimu. Nani anampigia simu mtu anayemtathmini kwenye PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, akamwambia nimepotea?

Kwa hiyo nimefanya vitu viwili, na vyote ni vya mfukoni kwangu, havimo kwenye mwongozo wowote. La kwanza, kila mkuu mpya namtafutia mkuu wa zamani wa kata nyingine. Si ya kwangu. Namtumia vocha ya elfu mbili kila mmoja mwanzo wa mwezi, na siulizi wanazungumza nini. Mmoja wa wazee hao aliwahi kuanza kunieleza habari za kijana wake, nikamkatiza. La pili, makabidhiano katika kata yangu ni siku mbili. Siku ya kwanza ni kuhesabu, siku ya pili ni kusoma: kitabu cha matukio, mihtasari ya kamati, kitabu cha fedha, na zile kurasa mbili za viboko. Anayehama akisema Fuso inamsubiri, namwambia Fuso nayo ikae ipumzike.

Nimelalamikiwa. Mkuu mmoja aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kwa utani ambao haukuwa utani, kwamba kwa mama yule hata popo wa darini wanahesabiwa. Watu wakaweka vicheko thelathini. (Kundi hilohilo likitumiwa agizo, majibu ni "Nimepokea mkuu" arobaini mfululizo, na siku ya mwisho taarifa zilizofika ni tisa.) Na kweli siku mbili ni gharama: watu wanalala kituo cha kazi, mama anahama na watoto. Sina jibu zuri kwa hilo. Mkurugenzi akisema siku saba za kuripoti, siku mbili zangu zinaliwa humo humo.

Wiki iliyopita tulikuwa na makabidhiano mengine. Mkuu mpya ni kijana wa miaka thelathini na mbili, mwalimu wa Hisabati, shati limenyooshwa hadi unaogopa kukaa karibu naye. Anayehama ana miaka kumi na minne pale. Hati ilisema madawati 190. Tukatoka watano: wao wawili, mwenyekiti wa kamati, mtendaji na mimi. Nikabaki nyuma makusudi. Kijana alihesabu kwa macho akiwa mlangoni. Darasa la nne akasema thelathini na moja. Mwenyekiti, mzee wa watu, akaingia, akawa anagonga kila dawati kwa kofia yake: moja, mbili, tatu. Dawati la mwisho kwenye kona akaligonga, ubao ukainuka upande mmoja. Halikuwa na mguu wa nyuma. Lilikuwa limeegemezwa ukutani.

Kijana akalitazama. Tangu hapo akaanza kuingia ndani.

Tulipomaliza yalikuwa 183 mazima, 4 ya kutengeneza, na 3 hayakuonekana. Anayehama alinyamaza muda mrefu. Alikuwa akitazama mlingoti wa bendera. Halafu akatoa kalamu mwenyewe, akakata 190, akaandika juu yake namba zote tatu, akasaini pembeni, akampa kijana naye asaini. Mkono wa yule anayehama ulikuwa unatetemeka kidogo, na nilitamani nimwambie kitu, sikupata cha kusema. Nilimshukuru tu.

Jioni nikiwa naondoka na bodaboda nilimwona kijana amesimama chini ya mwembe nyuma ya ofisi, simu sikioni, mkono mwingine unaeleza kitu hewani. Alinipungia, akageuka mgongo ili nisisikie.